Petroli ya Abti Salat

Nikisikia harufu ya petroli ikichanganyika na ubani, popote nilipo, narudi kwenye nyumba yetu ya Garissa mwaka ule wa mvua nyingi, mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na miaka kumi na viatu vya plastiki vilivyojaa matope. Ubani ulikuwa wa Hooyo, mama yangu, ambaye kila alasiri alitia makaa kwenye chetezo cha udongo akapita nacho chumba hadi chumba kufukuza harufu ya pipa. Pipa lilikuwa la Aabo, baba yangu. Lilisimama stoo, nyuma ya magunia ya mchele, limejaa petroli. Siku hizi ukiweka pipa la petroli hatua chache kutoka kwenye jiko la makaa majirani watakuitia polisi, na watakuwa wamefanya vyema. Wakati ule lilikuwa jambo la kujivunia. Wageni walipelekwa stoo kulitazama, wakaligonga kwa vidole kusikia limejaa hadi wapi, wakamwombea Aabo baraka. Hooyo alisimama mlangoni na chetezo chake akisubiri watoke ili afukize upya.

Aabo alikuwa mtu wa barabara kabla hajawa mtu wa duka. Kwa miaka mingi aliendesha lori la mizigo kwenda Wajir, Mandera na Ijara, na umbali kwake haukuwa kilomita, ulikuwa madumu. Ukimuuliza Ijara ni mbali kiasi gani, alikujibu kwamba ni madumu mawili kwenda na kurudi kwa gari dogo lenye mzigo wa wastani, na mchanga usipokuwa mwingi unarudi na kitu cha kunawia mikono yenye grisi. Mgongo ulipoanza kumsumbua aliacha lori, akafungua duka la sukari, mchele na nguo karibu na soko, akanunua pikapu kuukuu ya kijani, ingawa kijani chenyewe kilikuwa kimebaki upande wa ndani wa milango tu. Kuiendesha akamwita Salat, mdogo wake Hooyo, kutoka Bute, kule kaskazini mwa Wajir. Kwetu ndugu wa mama huitwa abti, na kati ya wote niliojaliwa, huyu ndiye niliyempenda zaidi. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwepesi wa kucheka, aliyefunga kikoi hata akiwa kwenye usukani. Alikuwa na udhaifu mmoja tu: hakuweza kumpita binadamu bila kumsalimia.

Na salamu ya watu wetu si ya kupungiana mikono. Unauliza habari ya mwili, ya nyumba, ya watoto, ya mifugo, ya mvua ilikonyesha, ya mgonjwa uliyesikia anaumwa na ya yule ambaye hukusikia lakini huenda yupo. Mwenzako akishajibu yote, anakuuliza wewe yale yale, na si adabu kufupisha. Abti alisimamisha gari katikati ya njia, akatoa kiwiko dirishani, wakasalimiana na mtu mpaka nami nikakariri majina ya mbuzi wa watu. Injini muda wote ilikuwa inanguruma. Betri yetu ilikuwa mzee kuliko gari lenyewe, na ukizima mahali pasipo na mteremko utatafuta watu wa kusukuma. Kwa hiyo gari lilizimwa pale tu ambapo lingekaa kwa muda, penye mteremko au penye vijana wenye nguvu, kama vile sokoni.

Mwaka ule mvua ilikuja, halafu ikakataa kuondoka. Watu wa Garissa tumezoea kuiombea mvua, hatukuwa tumezoea kuiomba itosheke. Mto Tana ulivimba ukawa na rangi ya chai ya maziwa, ukaingia mashamba ya kando yake, kisha ukaingia nyumba. Vyura walipiga kelele mpaka mwalimu akasitisha somo. Barabara ya Ijara ikawa ziwa, ya Wajir ikawa uji, na malori yaliyokuwa njiani yalizama hadi mhimili yakakaa huko na madereva wao wakipika chini yake. Sukari ikapungua, mafuta ya taa yakapungua, na petroli ikawa kitu cha kuulizana kwa sauti ya chini. Ndipo pipa letu likapata heshima isiyo ya kawaida, na Aabo akaanza kulipima kila asubuhi kwa kijiti kilichochongwa alama, akikichomoa na kukitazama kwa kukunja uso.

Pikapu iliyozoea kwenda Ijara ikawa sasa haina pa kwenda ila hapa na pale. Asubuhi ilinipeleka shule mimi na watoto wengine wanane waliopanda nyuma, ikarudi nyumbani, ikaenda dukani, ikarudi, ikaenda kuchukua maziwa ya ngamia, ikampeleka mtu zahanati, ikahamisha magodoro ya jamaa zetu waliokimbia maji kando ya mto. Safari hata moja haikuzidi muda wa kumaliza kutafuna tende tatu. Na kila alfajiri baada ya swala, kabla ya hayo yote, Abti aliliwasha gari kwa kulisukuma na vijana wa jirani, akavuta choki, akaliacha lingurume uani wakati Aabo anakunywa chai. Hiyo ilikuwa sheria ya Aabo tangu enzi za lori: injini ikishawaka gari haliondoki mpaka yeye ashibe chai. Alikunywa vikombe viwili vya chai ya maziwa yenye iliki, vya moto, bila haraka.

Siku moja, baada ya wiki kadhaa za hali hiyo, nilifanya jambo ambalo hata leo likinijia nikiwa peke yangu huona haya. Nilimkuta Abti stoo adhuhuri akihamisha petroli kutoka pipani kuingia kwenye dumu. Ilikuwa kazi ya kuvuta kwa mdomo kwa kutumia mpira, na mara hii alichelewa kuutoa mpira, akapata funda zima. Akatema, akakunja uso, macho yakamtoka, akaniomba maziwa kwa ishara kama bubu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Jioni, baba yangu akiwa ametulia kwenye jamvi, nikamwigizia tukio zima, na maziwa na macho na yote. Nilitegemea atacheka. Akaniuliza, "Lini?" Nikasema leo adhuhuri. Akauliza tena, "Leo? Una hakika?" Kumbe tangi alikuwa amelijaza mwenyewe siku nne nyuma, na kwa hesabu yake ya madumu lilipaswa kuwa bado na zaidi ya nusu.

Aabo alizaliwa katika familia ya ngamia, na akili yake ya kwanza ilikuwa ya ngamia. Ngamia akitoka safari ya siku nyingi hurudi na kiu ya kutisha kisima, lakini yule anayebaki karibu na boma akila majani mabichi anaweza kusahau maji kwa muda mrefu. Kwa hiyo gari lisilotoka mjini, lisilobeba mzigo wa maana, ambalo kila jioni linalala uani kwake, lilipaswa kunywa kidogo kuliko gari la Ijara. Kama linakunywa zaidi, basi kuna mdomo mwingine unaokunywa. Hakukuwa na mtu Garissa ambaye angempinga kwa hoja hiyo, kwa sababu karibu kila mtu alikuwa amefunzwa na ngamia huyo huyo. Na mjini petroli ilikuwa inauzwa kwa chupa kwenye vibanda, watu hawaulizi imetoka wapi.

Jumatatu baada ya chakula cha mchana, sote tukiwepo, Aabo alimgeukia Abti. "Salat, petroli inakwenda wapi?"

"Inakwenda na gari, seddi," Abti akajibu kwa heshima, akimwita kwa jina la ushemeji. "Hata mimi nashangaa."

"Gari halijatoka mjini tangu mvua ianze. Linakwenda wapi hilo gari?"

Abti akazitaja safari za mjini moja moja. Aabo akasema kwa sauti ya upole, ile ambayo kwake ilikuwa mbaya kuliko ukali, kwamba hamshtaki mtu, ila anataka moyo wake upumzike: Ijumaa baada ya swala, mbele ya wazee watatu wa mtaa, Salat ataweka mkono juu ya Kitabu aape kwamba hakuchukua petroli, na maneno yataishia hapo. Abti akasema, "Nitaapa." Kisha akanawa mikono akatoka. Msomaji asiye wa kwetu anaweza kudhani jambo limepata ufumbuzi. Ukweli ni kwamba mtu akishaapishwa na jamaa yake, kesi imefungwa na undugu umefungwa nayo. Hakuna atakayemwita mwizi tena, lakini hawatakula tena sahani moja. Abti angerudi Bute Jumamosi, nasi tusingemwona mlangoni petu maisha yote.

Hooyo alikuwa ameshika jagi la maji. Aliliweka chini polepole. "Siku ndugu yangu ataapa kwa sababu yako," akasema, "usinitafute jikoni." Hakuongeza neno, na kwa siku zilizofuata hakumwongezea neno Aabo hata la kumwambia chakula kiko tayari. Aliweka sahani akaondoka. Ubani haukufukizwa, na nyumba nzima ikanuka petroli. Niliona vikoi viwili vya Abti vimefuliwa na kuanikwa pamoja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa sababu kimoja hukivaa, na nikajua anajiandaa kwa safari. Niliogopa sana. Mimi ndiye niliyepeleka habari, kwa ajili ya kuchekesha, na sasa nilikuwa nampoteza Abti, na pengine Hooyo, katika wiki moja.

Jumanne sikumaliza masomo. Nyuma ya shule yetu palikuwa na gereji ya mabati ya fundi mmoja kutoka upande wa Mwingi, jina lake Musyoka, aliyekuwa akilitengeneza gari letu. Kiswahili chetu watoto kilikuwa cha darasani, naye alipenda kutusikia tukikiongea kwa kunyoosha kama tunasoma ubaoni. Nikasimama mbele yake nikamuuliza kama gari linaweza kumaliza petroli bila mtu kuiba.

"Nani ameiba?"

"Hakuna mtu."

"Sasa unalia nini?"

Akaniketisha juu ya tairi, nikamweleza kila kitu, kuanzia mpira wa stoo mpaka vikoi kwenye kamba. Hakunipa pole. Aliniuliza maswali ya ajabu: gari linazimwa mara ngapi kwa siku, linapoa kabla ya kuwashwa tena, choki inarudishwa lini, Abti anasimama na watu wangapi njiani. Nikamwambia kuhusu salamu. Akatabasamu. Nikamwambia kuhusu chai.

"Mzee anakunywa vikombe vingapi?"

"Viwili."

"Vya moto?"

"Vya moto sana."

Fundi aliweka spana chini. "Enda darasani," akasema. "Mwambie mzee kesho nakuja kumsalimia kwa duka."

Akaja kweli, nami nikahakikisha niko dukani, nimejificha kwenye vitambaa. Aabo alizungumza Kiswahili cha lori, alichokiokota kwenye vizuizi vya polisi na kwenye vibanda vya chai, na ingawa p ilimgeukia b, hakikuwahi kumwangusha. Fundi akamweleza kwamba injini iliyo baridi inakula kwa fujo. Ukivuta choki unaimwagia petroli nyingi kuliko hewa, nyingine haiungui vizuri, inatoka nyuma ikinuka, na oili nayo bado nzito, kila kitu ndani kinazunguka kwa shida. Mpaka injini ipate joto lake ndipo inaanza kula kwa adabu. Sasa pikapu hii inafika sokoni ndiyo kwanza imeanza kupata joto, inazimwa. Inapoa. Inaanza fujo upya.

Aabo alimsikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Fundi, hapa Garissa baridi iko wabi?"

"Sio baridi ya hewa, mzee. Baridi ya chuma."

"Mimi nabeleka gari Mandera miaka mingi. Injini gwangu hakuna baridi."

"Ndiyo, kwa sababu ukiwasha Garissa unazima kesho yake! Baridi unailipa mara moja tu, safari nzima inabaki ya joto. Hapa mjini unailipa kila saa."

"Maneno nasuri," Aabo akasema. "Lakini betroli imekwisha."

Hapo ndipo fundi alipotoa wazo la chupa. Kesho asubuhi atafunga mpira wa tangi, na badala yake ataning'iniza ndani ya gari chupa moja nyeupe ya lita, na mpira mwembamba kutoka kwenye chupa hadi kwenye kabureta. Petroli yote itakayoliwa itaonekana kwa macho. Salat atabaki gereji mbele ya macho ya fundi na asikaribie gari. "Ataendesha wewe mwenyewe, mzee," akasema. "Na ufanye kama kila siku. Usibadilishe kitu. Hata chai." Aabo alikubali haraka, kwa sababu alikuwa na hakika. Akaomba tu mimi nikae pembeni kumsomea mita ya kilomita, macho yake yalikuwa yameanza kuzikataa namba ndogo.

Basi Alhamisi asubuhi, kwenye ukungu wa mvua, nilikaa kwenye kiti cha mbele nikiwa nimelindwa na Bismillahi tu, na chupa ya petroli ikining'inia kwa waya kando ya sikio langu. Vijana walisukuma, injini ikashika, choki ikavutwa. Aabo akaketi kwenye kigoda mlangoni na chai yake. Nilikuwa sijawahi kuona chai ikinywewa polepole hivyo. Alipuliza, akanywa, akapuliza, akaomba kikombe cha pili, na mimi nikaangalia petroli ikishuka ndani ya chupa, upana wa kidole, kidole cha pili, kabla gurudumu halijazunguka hata mara moja. Nilitaka kumwita aone. Nikajizuia, nikaziba mdomo kwa mkono, kwa sababu fundi alikuwa amenionya nisiseme kitu.

Tulipoondoka, Aabo aliendesha vizuri, kwa madaha ya dereva mkongwe. Tukapita shule. Tukaelekea sokoni. Kabla hatujafika tukakutana na mzee waliyeendesha naye malori zamani, na Aabo, ambaye kila siku alimlaumu Abti kwa kupenda watu, akasimama. Wakaulizana mwili, nyumba, watoto. Wakafika kwenye ngamia. Yule mzee alikuwa na ngamia wengi, na mmoja alikuwa mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ulikuwa na historia. Chupa ikaendelea kushuka. Tulipoachana naye, bibi mmoja aliyeshika mkono wa mjukuu mwenye homa akainua fimbo, na nani angempita? Tukageuza kuelekea zahanati. Matope yalikuwa mazito, Aabo akaendesha kwa gia ya kwanza, injini ikilalamika. Bibi aliteremka akitubariki, na tulipokuwa tunageuza kwenye lango, gari likakohoa mara mbili likazima.

Chupa ilikuwa tupu. Aabo aliitazama. Akashuka akainama chini ya gari kutafuta palipovuja, hakuona tone. Akaufuata mpira kwa vidole toka mwanzo hadi mwisho. Akarudi akakaa kwenye usukani. "Kilomita ngapi?"

"Nne na nusu, Aabo."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Aliweka mikono yote miwili juu ya usukani kama bado anaendesha, kisha akauliza kwa sauti ndogo, sijui ananiuliza mimi au nani, "Sasa hapa ameiba nani?" Nilikuwa na furaha ya kutaka kupiga kelele, na wakati huohuo nilimhurumia.

Fundi, aliyeitwa na kijana tuliyemtuma gereji, alifika kwa baiskeli na lita ya pili, hakucheka hata kidogo, jambo ambalo nampongeza kwalo hadi leo. Aliijaza chupa, injini ingali ya moto, akatuambia twende barabara ya uwanja wa ndege, ambako ardhi ni ngumu na hakuna nyumba nyingi, tuende na kurudi bila kusimama, choki imerudishwa, gia ya juu, mguu mwepesi. Tukaenda. Kwenye kilomita ya nne na nusu chupa ilikuwa bado haijashuka hadi nusu. Watu waliinua mikono kutusimamisha, na kwa mara ya kwanza maishani Aabo aliwapungia tu akapita, akinung'unika astaghfirullah kila alipompita mmoja. Ya sita, ya saba. Nilisoma namba kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Gari lilizima tulipokuwa tumepita kumi. Lita moja ileile, gari lilelile, dereva yuleyule, asubuhi moja.

Jioni Aabo alijaribu kumsimulia Hooyo, akimwonyesha kwa mikono jinsi injini inavyopaswa kupata joto kwanza na jinsi safari fupi zinavyomaliza petroli kabla ya kufika popote. Hooyo alikuwa amesimama, kwani hakuwa amekubali bado kuketi naye. "Na hilo ulihitaji fundi akuambie?" akasema. "Kila siku nakuambia usiniwashishe jiko kwa ajili ya kikombe kimoja. Makaa yanaungua yakijipasha yenyewe, likikolea wewe umeshashiba unaondoka, halafu baada ya saa moja unataka kikombe kingine. Gunia langu la makaa linakwisha, na mimi sijawahi kusema umeiba." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu Jumatatu. Aabo aliinamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika, na nilipodhani analia nikagundua anacheka.

Ijumaa walikwenda msikitini kama ilivyopangwa, kwa sababu wazee walikuwa wameshaitwa na wazee hawaitwi bure. Mimi sikuwepo, nimesimuliwa na Abti mara nyingi. Baada ya swala walikaa barazani, Kitabu kimefunikwa kwa kitambaa safi, na Abti akiwa tayari na udhu wake. Aabo akasimama. Akasema amewaita waje kumsikia mtu akiapa, lakini mtu huyo hana la kuapia, kwa sababu petroli ameila yeye mwenyewe, kwa vikombe viwili vya chai kila asubuhi, na iliyobaki imeliwa na salamu za watu wa mtaa huu, nao wazee wamo. Akaomba radhi mbele yao, na kama desturi yetu inavyomtaka aliyekosea, akatoa haki ya aliyekosewa: beberu mmoja na kikoi kipya kutoka dukani. Beberu aliliwa nyumbani kwetu siku hiyohiyo, wazee, fundi Musyoka na Abti kwenye sinia moja na Aabo. Hooyo alifukiza ubani mwingi mpaka tukakohoa.

Baada ya hapo nyumba yetu ilikuwa na sheria mpya. Aabo alikunywa chai gari likiwa limezimwa. Safari sita za asubuhi zikafungwa kuwa moja, shule kisha maziwa kisha duka, na asiyekuwa tayari alitembea. Salamu tu ndizo zilishindikana. Abti aliagizwa kupunga mkono na kupita, na kwa siku mbili alijitahidi, mpaka watu wakaanza kuulizana kama kijana wa Bute amepata utajiri. Aabo na Abti wakaafikiana mwishowe kwamba atazima gari na kusalimia kwa kina, ila aliyesalimiwa ndiye atakayesukuma. Nusu ya wanaume wa Garissa waliwahi kuinamia nyuma ya pikapu ile wakicheka na kulaumu, na pipa likadumu mpaka barabara zilipokauka. Abti aliishi nasi miaka tisa mingine. Nilikuwa na utoto mzuri, na sehemu kubwa ya uzuri huo ilikaa upande wangu wa kulia, ikisalimia watu.

Leo mimi ni mwalimu hapahapa Garissa, na lami imefika mahali ambapo Aabo, Mungu amrehemu, asingeamini. Gari langu halina choki wala halijui kusukumwa. Lina kioo kidogo mbele kinachoniandikia linakula kiasi gani, na kila ninapotoka nyumbani kwenda shuleni, mwendo wa dakika chache, linaandika namba ya kuaibisha, kisha nikilielekeza njia ya Wajir linajirekebisha lenyewe kilomita kwa kilomita. Kile kilichotugharimu wiki nzima ya machozi, fundi na chupa, siku hizi kimeandikwa mbele ya macho ya kila mtu, na bado watu wanashukiana vilevile. Mwezi uliopita Noor, kijana anayeniendeshea gari na kupeleka watoto madrasa, alikuja na habari kwamba tangi limekwisha mapema. Nilikunja uso kwa sababu ya jua tu, naye akakosea kuusoma. Akarudi nyuma hatua moja, akainua mkono, akaanza, "Wallahi, mwalimu, naapa kwa—"

Jioni ile nilimpigia simu Abti Bute, ambako sasa ni mzee mwenye ndevu nyekundu za hina na ngamia wake mwenyewe, nikamsimulia kwa kumchekesha, kama nilivyozoea tangu utotoni. Hakucheka.

"Kuapa ningeapa," akasema. "Sikuwa na hofu ya Kitabu, nilikuwa msafi. Nilichoogopa ni kwamba baba yako angeniamini baadaye, na mimi ningejua alichokiamini ni kiapo, si mimi."

Nikasikia ngamia nyuma yake, na mtu akimwita, naye akimwambia asubiri.

"Huyo kijana wako," akauliza, "ulimwacha amalize?"

"Hapana, Abti. Nilimkatiza."

"Basi atakaa nawe," akasema, kisha akaanza kuniuliza habari ya watoto, mmoja mmoja kwa jina.